journalctl: natokaje humo, na mbona tukio la jana usiku silioni?

Mtumiaji_22
Wakuu, seva ni Ubuntu, naingia kwa SSH (kwa mbali). Nikiandika `journalctl` (amri ya kusoma logi, yaani kumbukumbu za matukio ya seva) logi zinajaa skrini na siwezi kuandika amri nyingine. Ctrl+Z inanirudisha, ila nikitoka naambiwa "There are stopped jobs". Pia nginx (programu inayohudumia tovuti) ilizima jana saa nne usiku; nimetafuta kuanzia 22:00, hakuna kitu.

kernel_mzee
Bonyeza `q`, basi. Hapo uko ndani ya `less`, programu ambayo journalctl huitumia kukuonyesha logi ukurasa kwa ukurasa. Ctrl+Z haiifungi, inaisimamisha tu. Andika `fg` urudi ndani, kisha `q`. Kama zimesimama kadhaa, `jobs` itakuonyesha. Rudia kwa kila moja. Ukitumia `-f` kufuatilia logi zinavyoingia, unatoka kwa Ctrl+C, na wala haigusi nginx. Skrini ikiganda kabisa, huenda uligusa Ctrl+S, Ctrl+Q huifungua.

Mistari mirefu hukatwa pembeni, kwa hiyo tumia mshale wa kulia, au weka `--no-pager` ili usiingie kwenye less kabisa.

logi_na_chai
Hilo la saa nne ni la majira. Andika `timedatectl`. Seva nyingi za kukodi huwekwa UTC (saa ya kimataifa), nyuma yetu saa 3, kwa hiyo saa nne yako ya usiku huko inaandikwa 19:00. Usihesabu kichwani, andika hivi (badilisha tarehe):

`sudo env TZ=Africa/Dar_es_Salaam journalctl -u nginx --since "2025-03-11 21:45" --until "2025-03-11 22:15"`

Usiandike "yesterday 22:00", haikubaliki. "Yesterday" husimama peke yake na humaanisha usiku wa manane wa kuamkia jana. Hiyo `sudo` nayo usiiache: bila hiyo, au bila kuwa kwenye kundi la `adm` (wanaoruhusiwa kusoma logi za mfumo), unaonyeshwa logi zako tu, na wengi hudhani journal (hifadhi ya logi) ni tupu.

kernel_mzee
Naongezea: usitegemee `-u nginx` ikupe kila kitu. Humo utakuta zaidi habari za kuwaka na kuzima. Makosa ya nginx yenyewe yako `/var/log/nginx/error.log`. Ukiona "oom-kill", RAM iliisha na mfumo ukaua programu ili kuokoa nafasi. Thibitisha kwa:

`sudo journalctl -k -g "killed process"`

`-k` husoma logi za kernel (kiini cha mfumo), tangu seva ilipowaka mara ya mwisho tu. Kama iliwashwa upya baada ya tukio, ongeza `-b -1`.

Mtumiaji_22
Ni oom-kill kweli, 19:04 UTC. Aliyeuawa ni mmoja wa michakato ya php-fpm (inayoendesha kodi ya PHP ya tovuti), nginx naona ilifuata baadaye.

logi_na_chai
Basi anza na `pm.max_children` ya php-fpm (idadi ya juu ya michakato yake), ipunguze ili itumie RAM kidogo. Nginx usiiguse kwanza.