Nina steshenari, nimewekewa Xubuntu: ile skrini nyeusi inanifaa kwa kazi za kila siku?

mama_steshenari

Wakuu, habari za jioni.

Nina steshenari ndogo hapa Kihonda, Morogoro. Fotokopi, kuskani, kuchapa barua, laminesheni, na siku hizi wateja wengi wanakuja niwatumie maombi ya kazi na ya vyuo mtandaoni. Kompyuta yangu ni ya zamani, RAM GB 4, Windows ilikuwa inajivuta mpaka mteja anaaga. Kijana mmoja akaniondolea, akaniwekea Xubuntu, mfumo wa bure wa aina ya Linux unaokaa badala ya Windows. Inakwenda vizuri, sina malalamiko.

Kilichonileta hapa ni huyo kijana mwenyewe. Akija hagusi menyu. Anafungua dirisha jeusi, anaandika maneno mawili matatu, kazi imekwisha. Kuna siku mteja ametuma picha za vyeti kwa WhatsApp, rundo zima, zinatakiwa ziwe PDF moja. Mimi huwa nazibandika moja moja kwenye Writer (programu ya kuandikia kama Word), nazinyoosha, ndipo nasevu. Yeye alimaliza mteja bado anatafuta chenji. Nikimwambia nifundishe anasema "nitakuja Jumamosi", na Jumamosi yenyewe haifiki.

Je, mtu ambaye hakusomea kompyuta anaweza hiki kitu? Video nilizoangalia zinaanza na historia halafu orodha ndefu ya amri, nasinzia. Shida zangu ni hizo picha kuwa PDF, kupunguza ukubwa wa PDF maana mifumo mingi ya maombi inakataa faili kubwa, folda ya Downloads iliyofurika, na fleshi za wanachuo zenye kile kirusi cha shotikati.

kijana_wa_mjini

Dada, unajitesa bure. Ingia Google, tafuta tovuti ya kuunganisha PDF, buruta picha zako, bonyeza, shusha. Mambo ya skrini nyeusi waachie mahaka.

mhasibu_wa_kihesa

Kijana wa mjini, hizo tovuti zinafanya kazi, sibishi. Lakini tazama anachoburuta dada: kitambulisho cha NIDA cha mtu, cheti cha kuzaliwa, matokeo ya kidato cha nne. Vinakwenda kukaa kwenye kompyuta ya mtu asiyemjua, wakati Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imeshaanza kutumika tangu Mei 2023. Na bando je? Picha zinapanda, PDF inashuka, unalipia intaneti kwa kazi ambayo kompyuta iliyo mezani inaifanya hata mtandao ukiwa umekatika.

Dada, mimi ni mhasibu wa Saccos hapa Iringa, si mtu wa IT. Usianze kujifunza amri. Chukua kazi moja inayokuudhi kila siku, jifunze hiyo tu mpaka mkono uzoee. Yako ni picha kuwa PDF. Ukiimaliza utakuta umeshajua kuingia kwenye folda, kuangalia kilichomo, na kutaja mafaili mengi kwa mkupuo. Hizo video unazosinzia zinatumia nusu ya muda wake kwenye hayo matatu.

Bonyeza Ctrl+Alt+T dirisha jeusi (terminali) lifunguke, kisha andika hivi mara moja tu, intaneti ikiwepo, kusakinisha programu mbili za kazi hii:

`sudo apt install img2pdf ghostscript`

Itakuomba nywila. Ukiiandika hutaona herufi, hutaona hata nyota. Kibodi haijafa. Andika hadi mwisho, bonyeza Enter.

Sasa mteja akija, mtengenezee folda yake na uhamishie picha humo kwa mausi kama ulivyozoea. Hakuna aliyesema mausi ni haramu. Tuseme folda inaitwa mteja01, iko ndani ya wateja:

`cd ~/wateja/mteja01`
`ls`
`img2pdf *.jpeg -o vyeti.pdf`

cd inakuingiza, ls inakuonyesha kilichomo, na alama ~ ni folda yako kuu (Home). Ile nyota maana yake ni "jina lolote", kwa hiyo umesema: kila kinachoishia na .jpeg. Nimeandika .jpeg kwa makusudi, kwa sababu picha unazoshusha kwa WhatsApp ya kwenye kompyuta huwa zinaishia hivyo.

Kuhusu mpangilio wa kurasa: nyota inapanga kwa herufi, haihesabu. Ukiziita 1, 2, 3 mpaka 12, basi 10, 11 na 12 zitakaa mara baada ya 1, na mwajiri ataanza kusoma barua katikati. Ziite 01, 02, 03.

Kupunguza ukubwa (gs ndiyo ile ghostscript):

`gs -sDEVICE=pdfwrite -dPDFSETTINGS=/ebook -o ndogo.pdf vyeti.pdf`

Ndiyo, inatisha kuitazama. Sijaikariri na sina mpango wa kuikariri. Nina faili la maandishi mezani linaitwa amri.txt, kila amri iliyonifaa naibandika humo na maelezo yangu juu yake: "hii ya kupunguza PDF". Nikiihitaji nainakili. Kumbuka kwenye terminali kubandika ni Ctrl+Shift+V, na Ctrl+C hainakili, inasimamisha kazi inayoendelea. Hiyo /ebook inashusha picha za ndani hadi nukta 150 kwa inchi, bado zinasomeka na kuchapika. Ipo /screen ya nukta 72, faili linakuwa jepesi sana ila mihuri inafifia, kwa vyeti siitaki.

Halafu kitufe cha Tab. Andika `cd ~/wat` kisha Tab, inamalizia jina yenyewe. Ikigoma kumalizia, ama umekosea herufi ama kuna majina mawili yanayofanana mwanzo. Bonyeza Tab mara mbili uyaone. Watu wanaochukia terminali, wengi hawajaonyeshwa hiki kitufe.

Historia, sentensi moja usisinzie: amri ni fupi hivi, ls, cp (kunakili), mv (kuhamisha), kwa sababu Unix, mfumo ambao Linux iliuiga, ilianza Bell Labs mwaka 1969 wakati wanaandika kwenye mashine za teletaipu, na ile maarufu ya Model 33 ilikuwa inachapa herufi 10 tu kwa sekunde.

mama_steshenari

Kaka, Mungu akubariki. Za WhatsApp zimekubali, nimebaki nacheka mwenyewe dukani.

Sasa kuna mteja kaniletea memori kadi ya kamera. Naandika vilevile, nimebadilisha .jpeg kuwa .jpg, inaniambia hakuna faili kama hilo, na picha naziona kwa macho yangu zipo. Nyingine inaitwa cheti cha kuzaliwa.jpg, hiyo peke yake nimeiandika jina lote, nayo imegoma.

mhasibu_wa_kihesa

Andika ls utazame mwisho wa majina. Nina hakika utaona DSC_0012.JPG au kitu cha namna hiyo, kwa herufi kubwa. Kwa Linux, JPG na jpg ni watu wawili tofauti. Andika `*.JPG`.

Hiyo ya pili ni nafasi zilizo kwenye jina. Terminali inaona mafaili matatu: cheti, cha, na kuzaliwa.jpg. Lifunge jina kwa alama za kunukuu, `"cheti cha kuzaliwa.jpg"`, au andika che kisha Tab, itayapanga yenyewe. Mafaili unayoyapa majina wewe, tumia mstari wa chini: cheti_cha_kuzaliwa.

Ukishaelewa hapo, Downloads yako ni kazi ya dakika moja. Picha za WhatsApp huja na tarehe kwenye jina, kwa hiyo:

`cd ~/Downloads`
`mkdir picha_2023`
`mv "WhatsApp Image 2023"* picha_2023/`

mkdir inatengeneza folda, mv inahamishia picha humo. Angalia nyota imekaa nje ya alama za kunukuu. Ukiiweka ndani inakuwa nyota ya kawaida tu, itatafuta faili lenye nyota kwenye jina.

Kufuta ni rm, na rm haina kapu la taka. Mimi sifuti kwa nyota kabla sijaiona orodha: naandika `ls "WhatsApp Image 2022"*`, nasoma kilichotoka, nikiridhika nabonyeza mshale wa juu amri irudi, nabadilisha ls kuwa rm. Zile sekunde mbili tatu za kusoma orodha usizionee uchoyo, hasa duka likiwa na foleni.

kijana_wa_mjini

Haya mhasibu, nimenyoosha mikono kwenye vitambulisho. Ila kukata picha ya pasipoti kwa macho bado GIMP (programu ya kuhariri picha) ni baba yake.

mhasibu_wa_kihesa

Hapo tuko pamoja. Kukata picha unahitaji kuona uso umekaaje. Terminali ni ya kazi inayojirudia.

mwalimu_kitale

Salamu kutoka Kitale. Swali la fleshi halijajibiwa na mimi nafunza kompyuta shule ya upili, hiyo virusi nimeizoea.

Haijafuta kazi ya wanafunzi. Inazificha folda za kweli kwa alama ya Windows ya kuficha, kisha inaweka shotikati zenye majina yaleyale. Xubuntu haijali alama hiyo, kwa hivyo chomeka fleshi kwako na utaona folda zote zimelala hapo. Aina nyingine husukuma kila kitu ndani ya folda moja ambayo jina lake ni nafasi tupu. Ukiona folda haina jina, ifungue, vitu vyako viko humo. Nakili vya mteja, usibofye shotikati.

Akitaka kurudi nayo Windows, mwambie afungue cmd (dirisha jeusi la Windows) kule aandike hivi, E ikiwa ndiyo herufi ya fleshi yake:

`attrib -h -r -s /s /d E:\*.*`

Hiyo itafichua folda, lakini kama kompyuta yake yenyewe bado ina virusi itazificha tena akichomeka, kwa hivyo aisafishe kwanza.

Kuondoa shotikati (mafaili yanayoishia na .lnk) ukiwa kwako, ingia kwenye fleshi kwa `cd /media/` ukisaidiwa na Tab, halafu:

`find . -name "*.lnk"`

Soma orodha. Ukiwa sawa nayo, rudisha amri kwa mshale na uongeze mwishoni:

`find . -name "*.lnk" -delete`

Hiyo -delete iwe ya mwisho kabisa. Find inasoma kutoka kushoto, na ukiitanguliza mbele ya -name itafuta fleshi nzima kabla haijafika kwenye jina.