Mrejesho: kile kizunguzungu kinachojirudia

Wakuu, niliuliza kama kizunguzungu kinachonishika kila nikijigeuza kitandani kitaniandama maisha yote. Nimeonana na daktari wa masikio. Alinilaza ghafla, kichwa kimegeuzwa upande, akatazama macho yanavyochezacheza. Kumbe ni vichembe vya chokaa vya ndani ya sikio vilivyohama mahali pake na kuingia kwenye mfereji wa humo ndani unaohisi kichwa kikigeuka. Akanigeuza kichwa hatua kwa hatua, dakika chache tu, nikatulia. (Nami nilishajipa uvimbe wa ubongo!)

Kuhusu swali langu: aina hii ya kizunguzungu haiui wala haileti uziwi, ila inaweza kurudi hata baada ya miaka, na tiba ni ileile. Huu ni mwezi wa tatu tangu tiba, niko sawa. Kulalia ubavu wa kulia bado naogopa.