Pampu ya gia (miguu ya tairi za ndege) inajiwasha yenyewe angani, shida nini?

Wakuu habarini, niko Dar najifunza kurusha ndege ya injini mbili, Piper Seneca, juzi tunaenda Zanzibar tairi tumeshapandisha lakini pampu ya haidroliki (ya presha ya mafuta) inajiwasha inazima inajiwasha tena, hii imekaaje?

Jibu: Mkuu hapo presha inavuja. Seneca tairi zinashikiliwa juu na presha tu, hazina loki ya juu, kwa hiyo ikishuka pampu inaamka kuirudisha. Usiipuuze kabisa, fundi akague sili, hozi na yale mafuta mekundu, na wewe kabla hujaruka chungulia tumboni na kwenye miguu ya ndege, ukikuta unyevu mwekundu usiruke aisee

Jibu: Presha ikiisha yote tairi zinashuka kwa uzito wake. Zikigoma punguza spidi mpaka ile ya kwenye kitabu, swichi ya gia chini, vuta nobu ya dharura, subiri taa 3 za kijani za kuonyesha tairi zimeshuka na kujifunga, na mnara wa kuongozea ndege uwaambie mapema. Ila usikariri ndege moja, Cessna 402C ina chupa ya naitrojeni ya kusukuma gia chini

Muulizaji: Asanteni sana. Na breki, presha ikiisha nazo zinakufa?

Jibu: Breki za Seneca zina tanki lake peke yake kaka, zinabaki zinafanya kazi