Mkaa, gesi ya mtungi, umeme au bayogesi: kipi kinaongeza hewa ukaa kidogo zaidi kwa mpishi wa Dar es Salaam?

Mkazi wa Tabata
Ndugu wanajukwaa, salaam. Nyumbani tuko sita. Maharage na makande tunapikia mkaa, chai na mboga tunapikia gesi ya mtungi. Tunataka kubadilisha, na ningependa tulinganishe kwa hoja. Jirani yangu anashikilia kwamba mkaa hauna madhara kwa tabianchi, kwa sababu kaboni yake ilivutwa na mti kutoka hewani, ilhali gesi ya mtungi inatokana na mafuta yaliyokaa ardhini mamilioni ya miaka. Je, hoja hiyo inasimama?

Mwalimu wa Kemia, Mbagala
Ndugu Mkazi, inasimama kwa mguu mmoja. Ni kweli kwamba gesi ya mtungi, yaani propani na butani, huleta juu kaboni iliyokuwa imezikwa: kilo 1 ikiungua hutoa takribani kilo 3 za hewa ukaa, hivyo mtungi wa kilo 15 hutoa kama kilo 45. Hesabu ya mkaa, hata hivyo, hufungwa pale tu mti mwingine unapoota mahali pa ule uliokatwa.

Tuangalie tanuri lenyewe. Kwa tanuri la udongo la kienyeji, kilo 1 ya mkaa hudai kilo 5 hadi 10 za kuni. Tuchukue kilo 7: kuni kavu karibu nusu yake ni kaboni, yaani kilo 3.5, na mkaa unaopatikana hubeba kama kilo 0.8 tu. Sehemu kubwa ya kaboni imeshapotea porini kabla gunia halijafungwa, na baadhi yake hutoka kama methani, gesi ambayo kwa kipimo cha miaka 100 hupasha joto dunia takribani mara 28 kuliko hewa ukaa ya uzito uleule.

Mkaa wenye nidhamu upo. Kilosa, mkoani Morogoro, kuna vijiji vilivyogawa sehemu ya misitu yao katika vitalu vya mita 50 kwa 50, vinavyovunwa kwa kupokezana katika mzunguko wa miaka 24, visiki vikiachwa vichipue. Laiti gunia lingekuwa na alama ya kutuonyesha lilikotoka! Mnunuzi wa Tabata hana namna ya kulijua hilo.

Mama Lishe, Buguruni
Shikamoo Mwalimu. Naomba niongeze la jikoni. Mkaa hauzimiki kwa koki: ukishaepua sufuria ya maharage, jiko linabaki jekundu na joto linapotea bure, labda uwe na maji ya kuoga ya kuchemsha. Presha ya umeme, yaani sufuria ya umeme inayopika kwa shinikizo la mvuke, ni kinyume chake, kwa sababu hujikata yenyewe shinikizo likifika. Nusu kilo ya maharage yaliyolowekwa usiku huiva bila kumaliza uniti moja, na uniti kwa mteja wa kawaida ni takribani shilingi 350. Kwa chapati na samaki wa kukaanga presha haifai. Hapo gesi haina mpinzani.

Mfugaji, Kigamboni
Kwa mwenye ng'ombe, bayogesi ndiyo inayofunga mzunguko vizuri kuliko zote. Nyasi zimevuta hewa ukaa, ng'ombe amekula, samadi imechacha ndani ya mtambo usiopitisha hewa, gesi imewaka, na tope linalobaki hurudi shambani kulisha nyasi. Ng'ombe wawili wa kufugwa bandani hutosha kwa upishi wa familia ndogo, mradi samadi na maji viingizwe kila siku kwa kiasi kinacholingana. Bomba likivuja, methani iliyomo kwenye bayogesi hutoka bila kuungua na faida hupungua sana. Kwa hiyo kila maungio yapakwe povu la sabuni na kutazamwa kama linatoa mapovu. Kwa nyumba ya kupanga Tabata, nakiri, haiwezekani.

Mkazi wa Tabata
Nashukuru sana. Vipi kuhusu mafuta ya mimea?

Mkulima, Kisarawe
Ndugu yangu, huku kwetu tuliahidiwa mengi kwa mbono kaburi (jatropha), mmea ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta. Maelfu ya hekta za vijiji zilitolewa kwa ajili yake, na kufikia 2011 mradi ulikuwa umesimama, ardhi ikiwa imeshatoka mikononi mwa wanakijiji. Nishati ya mmea isiyohesabu msitu uliofyekwa na shamba la chakula lililopotea, mimi siiiti safi. Ethanoli ya molasi, yaani pombe ya kuwashia jiko, ina haki zaidi, kwa kuwa molasi ni mabaki ya kiwanda cha sukari.

Fundi Umeme, Kinyerezi
Umeme wetu nao haukosi hewa ukaa. Gesi asilia ya Songo Songo inazalisha umeme Dar tangu 2004, na mitambo ya hapa Kinyerezi inatumia gesi asilia vilevile. Hata hivyo bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, limeongeza sana sehemu ya maji katika gridi, kwa hiyo presha ya leo inachafua kidogo kuliko ya miaka 5 iliyopita. Ndugu Mkazi, ushauri wangu ni presha kwa vyakula vigumu, mtungi kwa kukaanga na kwa siku umeme unapokatika, na mkaa uachwe kabisa. Presha nyingi hula wati 1,000 hivi, basi ichomekwe moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, wala si kwenye ekstensheni nyembamba inayogawana na friji na pasi.