Desmodiamu yangu imedumaa, nimeambiwa ninunue unga wa kuvu. Naombeni ushauri

Mfugaji_Mpakani (mwenye uzi): Wakuu salaam. Niko upande wa Tororo, Uganda, nina ng'ombe wawili wa maziwa na robo ekari ya desmodiamu, ile mikunde ya malisho. Huu mwezi wa nne tangu nipande, haijavuka kifundo cha mguu. Majani madogo, yamefifia umanjano. Jirani yangu tulinunua mbegu mfuko mmoja tukagawana, tukapanda wiki moja. Yake imetanda hadi huoni udongo. Kuna kijana anauza unga wa kuvu ya mizizi, anasema unavuta fosforasi ardhini. Kilo shilingi 180,000. Je, robo ekari nichukue kilo ngapi? Nijibuni upesi, kesho anapita.

BintiBusia: Hao wa "kesho napita" ndio waliomuuzia mjomba wangu vifaranga mia moja vya mayai. Vyote viliwika.

Afande_Mstaafu: Kijana, uza hao ng'ombe ununue mbuzi. Mimi ninao kumi na sita. Mbuzi haulizi mambo ya fosforasi.

Mama_Ndama: Msicheke. Ng'ombe wangu alikuwa anaokota mifupa jalalani, anatafuna kama mbwa, mate yanamtiririka. Mama mkwe akasema kuna mkono wa mtu. Daktari wa mifugo alipokuja akasema huyu ana njaa ya fosforasi, mpe jiwe la chumvi yenye madini alambe, na mifupa mwondolee haraka, maana kwenye mfupa uliooza ataokota sumu ya kumpooza. Nilinunua jiwe siku hiyohiyo. Mama mkwe hadi leo anasema ni maombi yake.

Mwalimu_Udongo: Turudi shambani. Mwenye uzi, ng'oa shina moja taratibu kwa jembe, usilivute. Kwenye mizizi kuna vinundu? Vipasue kwa ukucha. Ndani vikiwa vyekundu kama nyama mbichi, vinafanya kazi. Na hapo mwaka jana palikuwa na nini?

Mfugaji_Mpakani: Vinundu vipo vichache, vidogo kama kichwa cha pini, ndani vyeupe. Udongo ni wa kawaida tu, mwekundu. Swali langu ni kilo ngapi.

Mwalimu_Udongo: Vyeupe havifanyi kazi. Vinundu ni nyumba za bakteria wanaonasa naitrojeni kutoka hewani, na kazi hiyo inakula fosforasi nyingi. Ikikosekana, mmea wa mikunde unakuwa manjano hata kama mbegu ni bora. Lakini mbegu moja, mvua moja, na jirani yako anavuna? Hujajibu palikuwa na nini.

Otim_wa_Mahindi: Sisi huku desmodiamu tunaipanda katikati ya mahindi kuzuia kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya mahindi. Kiduha kimepungua kweli. Ng'ombe sina, majani nampa shemeji.

BintiBusia: Mwenye uzi, mwaka jana palikuwa na nini?

Mfugaji_Mpakani: Haya. Mwaka juzi niliuza udongo wa hapo kwa watu wa matofali. Walichimba hadi magotini. Ilikuwa ada ya watoto, msinihukumu. Na tumesawazisha vizuri, ukipita hujui. Halafu huyo kijana nimeshampa kianzio 100,000, kwa hiyo tuzungumzie kilo.

Afande_Mstaafu: Babu zetu wamekufa kwa ajili ya ardhi, nyie mnaichoma tanuru. Ndiyo maana nasema mbuzi.

Mwalimu_Udongo: Sasa tunaelewana. Fosforasi haitembei ardhini kama naitrojeni. Mzizi ukishamaliza iliyo milimita moja au mbili kando yake, hapo ndipo mwisho wake. Kuvu ndiyo inayotoa nyuzi nyembamba kuliko unywele, zinakwenda sentimita kadhaa mbele ya mzizi, zinaleta fosforasi, na mmea unazilipa sukari. Nyingi ya kuvu hiyo ilikuwa kwenye udongo wa juu. Sasa iko ukutani kwa mtu.

Ila elewa: kuvu inabeba, haitengenezi. Udongo mwekundu wenye asidi una chuma na alumini zinazoing'ang'ania fosforasi, na sehemu yenye samadi na majani yaliyooza umeuza. Hata unga huo ukiwa wa kweli, unatuma wachukuzi kwenye ghala tupu.

Mfugaji_Mpakani: Lakini huku kwetu Sukulu kuna mlima mzima wa fosfati!

Mwalimu_Udongo: Upo, na Busumbu pia. Jiwe la huko hata likisagwa linayeyuka polepole mno, halitaokoa msimu huu. Weka samadi iliyooza, na mbolea ya fosfati kidogo kwenye mstari. Usimwage DAP, ile mbolea ya dukani yenye fosforasi nyingi, kwa hasira. Mmea ukishiba fosforasi ya bure unaacha kuilipa kuvu. Kuvu yenyewe iko bure chini ya desmodiamu ya jirani. Omba udongo wake, weka konzi moja kila shimo unapopandia vipando.

Mzee_wa_Mbale: Wakuu, mnachezewa. Tatizo limetajwa, dawa imetajwa, bei imetajwa kwenye posti ya kwanza. Imebaki namba ya simu tu. Huyu ndiye muuzaji.

BintiBusia: Eh! Na mimi nilishangaa, anauliza kilo tu.

Mfugaji_Mpakani: Muuzaji gani anatangaza biashara kwa kusema shamba lake ni shimo la matofali?

Mzee_wa_Mbale: Weka picha.

Mfugaji_Mpakani: [picha] Kushoto shina langu, kulia la jirani. La jirani nimelipasulia vinundu hapohapo, oneni wekundu. Langu mizizi imetoka mitupu, hata udongo haukung'ang'ania.

Mama_Ndama: Hilo nyuma yako ni tanuru?

Mfugaji_Mpakani: Ndiyo. Bado wapo, wamehamia kwa mdogo wangu.

Mzee_wa_Mbale: Basi samahani, mkuu. Lakini kianzio kidai.

Mfugaji_Mpakani: Kijana simu haipokei tangu asubuhi. Jirani amekubali kunipa toroli tano za udongo. Ameuliza watu wa matofali walinilipa shilingi ngapi kwa toroli, nikamwambia, akasema yeye anataka mara tatu.