Mjadala: Kuvu anayeua mbu aongezewe sumu ya buibui, au aachwe na mwendo wake?

Mtoa mada

Wakuu, nianze na namba tatu: 1,396, 455 na 13.

Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika Soumousso, Burkina Faso, ndani ya banda kubwa la wavu. Kila sehemu ya banda ilianza na mbu 1,500, wa aina iliyokwisha kuwa sugu kwa viuatilifu. Humo yalitundikwa mashuka meusi ya pamba yaliyopakwa mafuta ya ufuta. Penye mafuta matupu, baada ya siku 45 mbu walikuwa 1,396. Penye mafuta yaliyochanganywa na spora (yaani mbegu) za kuvu wa kawaida wa jamii ya Metarhizium, 455. Penye kuvu yuleyule aliyepandikizwa kinasaba cha sumu ya buibui wa Australia, 13.

Kila ninapopita watu wanashangilia hiyo 13. Mimi nasema tunayemhitaji ni yule wa 455, na haraka ya mwenzake ndiyo kasoro yake.

Kabla hamjanirukia, tuangalie anavyoua. Kuvu huyu si lazima aliwe. Spora inanasa kwenye ganda la mdudu, inaota, inatoboa kwa vimeng'enya na kwa kusukuma, inaingia ndani na kuzaliana kwenye damu yake mpaka anakufa. Kwa mbu kazi hiyo inaweza kuchukua siku kadhaa hadi wiki mbili. Wengi wanauona huo ni uvivu. Lakini kimelea cha malaria nacho kinahitaji takriban siku 10 hadi 14 kukomaa ndani ya mbu kabla mbu hajaweza kumwambukiza mtu. Anayetuua, basi, ni mbu mzee. Kuvu wa polepole anamwacha mbu atage mayai mara moja au mbili, halafu anamfyeka kabla hajazeeka.

Na ni kwenye hayo mayai ninapotaka mtulie. Dawa inayoua papo hapo inawaacha sugu wazae peke yao, na vizazi vichache baadaye kijiji kizima ni mbu sugu. Pairethroidi, zile dawa za kwenye vyandarua, zimetuponyoka kwa njia hiyohiyo. Lakini mbu akifa akiwa ameshazaa, usugu haumpi faida kubwa ya kuwazidi wenzake kwa watoto. Hoja si yangu, mwanabiolojia Andrew Read na wenzake waliiandika mwaka 2009. Sasa ukimtia kuvu sumu ili aharakishe, umemrudisha kwenye kundi la dawa zilezile tunazozikimbia.

Karibuni mnipinge.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, hoja nzuri, ila umekaa mbali na mgonjwa. Kwa mwaka 2023 WHO ilikadiria vifo 597,000 vya malaria, karibu vyote Afrika, na wengi wa waliokufa ni watoto wa chini ya miaka mitano. Halafu nimwache mbu azae kwanza?

Tena hiyo sumu haizagai. Kinasaba chake kimefungiwa swichi inayowaka kuvu akishafika kwenye damu ya mdudu. Pale kwenye shuka hakuna sumu yoyote. Na spora ikitoka nje, jua linaimaliza.

Mchangiaji wa pili

Mimi haraka na polepole nawaachia wenyewe. Nauliza nani aliulizwa. Agosti 2025 serikali ya hiyohiyo Burkina Faso ilisimamisha shughuli za Target Malaria, mradi wa mbu waliobadilishwa vinasaba. Najua mbu si kuvu. Lakini nenda kijijini kaeleze tofauti ya mbu wa maabara na kuvu mwenye sumu ya buibui, uone utakavyosindikizwa. Watu hawakatai sayansi, wanakataa kupewa taarifa mambo yakiwa yameshaiva.

Mtoa mada

Ndugu wa kwanza, usalama sikuugusa. Hata nyuki walijaribiwa na kuvu wa aina hiyo, hawakudhurika. Hofu yangu ni usugu, na usugu huwezi kuuona kwa siku 45.

Ndugu wa pili, umenisaidia bila kutaka. Kuvu wa kawaida hana hiyo kesi, kwa sababu yumo kwenye udongo tangu zamani. Mwaka 2009 nzige wekundu walipoibuka Tanzania, Iku-Katavi, bonde la Rukwa na Malagarasi, walipuliziwa Green Muscle, ambayo ni kuvu mwingine wa jamii ya Metarhizium, kwenye takriban hekta 10,000. Nzige walizuiwa, na mto na tembo wa Katavi hawakunyweshwa kemikali.

Mchangiaji wa tatu

Nzige unampulizia mara moja anakufa huko porini, biashara imeisha. Mbu anarudi nyumbani kwako kila usiku. Usilinganishe.

Na mbona hakuna anayeitaja Lupiro? Mwaka 2005, jarida hilohilo la Science. Kijiji cha Tanzania, upande wa Ifakara, kuvu wa kawaida, mashuka meusi yamening'inizwa darini kwenye nyumba wanazolala watu. Karibu 23% ya mbu waliokamatwa ndani walikuwa wameambukizwa, na kwa hesabu za watafiti, kung'atwa na mbu wenye vimelea kungeshuka kutoka mara 262 kwa mtu kwa mwaka hadi 64. Imepita miaka 20. Hayo mashuka mmeyaona wapi?

Yalikwama kwa sababu spora zinachoka. Wiki chache tu makali yanapungua, inabidi upake tena. Nani atapanda darini kila baada ya wiki tatu, mwaka mzima, nyumba kwa nyumba? Huo uvivu wa kuvu unaousifia unadai binadamu asiyechoka. Kuvu mwenye sumu anaua kwa spora chache sana, kwa hiyo shuka lililochakaa bado linafanya kazi. Sumu ile inanunua muda wa shuka, mkuu, wewe umeitazama kama inanunua kasi tu.

Mtoa mada

Hapo umenishika. Niliitazama saa ya mbu, nikaisahau saa ya shuka.

Ila sijahama. Kama faida ni kuua kwa spora chache, basi shuka likichakaa mbu wengi watagusa kiasi kidogo, na wanaoponea kwenye kiasi kidogo ndio wanaozaa usugu. Jaribio la Soumousso lilikwenda vizazi viwili tu. Kuna mtu hapa anajua kama limewahi kurudiwa kwa vizazi 20? Sitaki hata namba ya waliokufa. Nitajieni watoto wa wale 13.