Digrii au ujuzi wa kujifundisha? Naombeni ushauri kabla sijajisajili chuo

Wakuu, habari zenu. Nimejifunza kuandika programu mwenyewe kwa vitabu na video za intaneti, na kazi hiyo ndiyo inayoniweka mjini: nawatengenezea wafanyabiashara mifumo ya mauzo na stoo. Digrii sina. Nikiomba ajira kwa fomu inayouliza kiwango cha elimu, sijibiwi hata siku moja. Nikipelekwa moja kwa moja kwa mkuu wa mafundi, tunaongea vizuri na kazi yangu anaielewa. Sasa nimepata nafasi chuoni, miaka 3. Niende, au muda huo niutumie kuongeza ujuzi? Wateja wangu naogopa kuwaacha.

Kisiki: Mkuu, mimi nasaili waandishi wa programu. Anayekuchuja siye anayeijua kazi yako. Ana lundo la maombi, anatafuta njia ya haraka ya kulipunguza, na digrii inampa. Mwanauchumi Michael Spence alishalieleza mwaka 1973: mwajiri haoni uwezo wako, anaona ishara tu. Basi mpe ishara nyingine. Usiandike "najua hifadhidata", kila mtu anaandika hivyo. Andika, kwa mfano, kwamba kutafuta bidhaa kwenye mfumo wa stoo wa mteja kulichukua sekunde 9, ukakuta jedwali la bidhaa halina faharasa (orodha inayoiwezesha kompyuta kupata kitu bila kupekua jedwali zima), ukaiweka, sasa haifiki sekunde 1. Eleza na kwa nini hukuchagua njia nyingine. Nikisoma hivyo nakuita siku hiyohiyo.

Nyotanjema: Kisiki, wewe unaita, wengine hawaiti. Kampuni nyingi zimetangaza kuondoa sharti la digrii, lakini ripoti ya mwaka 2024 ya Harvard Business School na Burning Glass Institute, taasisi inayotafiti soko la ajira, ilikuta kuwa kwa Marekani hatua hiyo imegusa chini ya ajira 1 kati ya 700. Tangazo limebadilika, anayechuja ni yuleyule. Na kama unawaza kufanya kazi nje, angalia masharti ya visa. H-1B, visa ya kazi ya Marekani, inataka shahada au kinacholingana nayo, na kwa kawaida miaka 3 ya uzoefu huhesabiwa kama mwaka 1 wa chuo. Piga hesabu ya shahada ya miaka 4 uone.

Kisiki: Hapo kwenye visa sina la kubisha.

Mama Tunu: Mwanangu, udaktari au sheria nisingekuuliza swali, huko bila cheti hupewi leseni. Kwako wewe nauliza: unajua nini kinatokea ndani ya kompyuta programu yako inapokuwa nzito? Aliyejifundisha hujifunza kile mteja alichoomba, na yale ambayo hakuna aliyeyaomba yanabaki mapengo. Chuo kinakulazimisha kuyasoma. Kama mapengo unayo, nenda. Kama huna, na unachokosa ni karatasi tu, itafute kwa masomo ya jioni au ya masafa, wateja wako ubaki nao.

Mwanzisha uzi: Shikamoo mama. Mapengo ninayo, hasa kwenye mitandao ya kompyuta na mifumo endeshi (kama Windows), huwa nabahatisha. Nakiuliza chuo kama wananiruhusu kusoma kwa masafa. Kisiki, wasifu nauandika upya leo, nitauweka hapa unikosoe bila huruma.

Kisiki: Uweke. Na ile kazi ya mifumo ya stoo ianze juu kabisa.